Lango la Kwenye Kalenda

Chumba Na. 14,
Nyumba ya Wageni, mkabala na stesheni ya treni.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu Timazi,

U hali gani, wewe na shemeji yangu anayekusomea barua hii? Magoti yanasemaje? Na macho, bado ni giza tupu, au daktari ana jipya? Mimi ni mzima, ila kisigino kimechubuliwa na viatu vya kuazima. Shemeji, soma polepole, usirukeruke.

Nimefika, kaka! Jana, katika mji huu unaosifiwa dunia nzima, nilisimama mbele ya lango lile la kwenye kalenda yako. Kalenda ile ilikaa karakanani kwetu miaka thelathini, na kila tukila chakula cha mchana tulibishana chini yake. Wewe ukisema mawe ya tao yamekaa makavu, yamebanana yenyewe. Mimi nikisema haiwezekani, mwashi gani atainua tao bila chokaa?

Sasa usinicheke. Asubuhi nzima nilikuwa mtumwa wa simu aliyonipa binti yangu. Piga picha huku, piga kule, hii ya kaka, na hii pia ya kaka. Zilifika sabini na mbili. Nimepiga goti natafuta upande mzuri, ndipo akili ikanirudia: kaka ataziona kwa macho gani? Nililia pale pale, mtu mzima na mvi zangu, watalii wakinipita.

Nikaizima simu, nikaanza upya kwa ajili yako. Ngazi ni kumi na tisa, ya saba imepasuka. Mawe ya chini yananifika kifuani, ya baridi upande wa kivuli, na yanakwaruza kiganja kama chumvi ya mawe. Aliyeyachonga alitumia mkono wa kushoto kama wewe. Alama za patasi zimelala vile vile unavyozilaza zako.

Kisha nikavuka kamba ya kuzuia watalii hadi tao linapoanzia, nikapitisha ukucha kwenye kiungo cha jiwe na jiwe. Askari akaja mbio.

"Mzee, toka hapo! Huoni maandishi?"

"Nayaona. Kaka yangu ndiye haoni, na anangoja jibu."

Akatazama huku na huku. "Haya, fanya upesi basi."

Hakuna chokaa, kaka! Ukucha haupiti. Nikajaribu tiketi, nayo haipiti. Nilipiga kelele hadi njiwa wakaruka. Askari akaniuliza nimepata nini, nikamwambia nimeshindwa! Miaka thelathini nimebisha bure, na sijawahi kufurahi namna hii.

Nisalimie shangazi, na wale mafundi wote waliokuwa upande wangu. Waambie wakuombe radhi. Mungu akutunze, akuachie mikono yako.

Shemeji, kabla hujaikunja barua hii, ishushe ile kalenda. Mwekee kaka kidole juu ya tao, halafu umsomee tena kuanzia ngazi ya kwanza.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, uliyemshinda.