Diski Mpya na Mkwe wa Zamani

Jumamosi, 3 Mei

Mashine ya gemu inakufa. Inakoroma kama marehemu mume wangu, halafu picha inaganda na gari langu jekundu linabaki limening'inia kwenye kona. Na nilikuwa naongoza!

Binti yangu akapita na beseni la nguo, akasema hilo kopo litupwe, mwanamke mzima na wajukuu anacheza gemu za magari. Nikamuuliza: wewe ndiye uliyenizaa? Akaenda kuanika.

Tunajua wote tatizo si kopo. Kopo ni la mumewe. Yaani mkwe wangu, ambaye hatajwi humu ndani tangu mwezi wa pili. Aliomba uhamisho kazini bila kumwambia mkewe, na mkewe akaja kuusikia kwenye kaunta ya duka la dawa anakouza, mbele ya wateja, kutoka kwa mke wa bosi wa mumewe. Hongera sana, baba! Fundi wa mashine za fotokopi, anatoa nakala ya kila kitu, habari moja tu ikamshinda kuifikisha nyumbani. Mfuko wa nguo ukawekwa mlangoni. Akaubeba, akaondoka. Mmoja hasemi, mwingine hasikii. Ndoa ya kupigiwa mfano.

Mjukuu wangu yuko bweni, anarudi shule zikifungwa mwezi ujao. Nataka amkute baba yake sebuleni. Basi nimempigia simu huyo bwana: mashine yako inakoroma, njoo.

Jumapili, 4 Mei

Amekuja. Amekonda! Shati limepigwa pasi upande mmoja. "Shikamoo, Mama." Nikamwitikia, nikamsukumia sahani kabla hajakaa. Binti yangu — nimempa jina Jaji, maana anahukumu kabla shahidi hajafungua mdomo — alijifungia chumbani. Mlango ulibamizwa vizuri, hata picha za ukutani zilitikisika.

Mkwe akafungua skrubu. Vumbi la ndani lingetosha kupanda mboga. Anasema diski iliyomo ni ya kizamani, inazunguka, imechoka. Ya kisasa ni nyepesi, haizunguki wala haipigi kelele. Nikasema weka basi. Akacheka: si rahisi hivyo, Mama, hii mashine na diski yake wana namba yao ya siri. Ukiweka ngeni isiyoijua, mashine inaikataa. Lazima kwanza aitoe ile siri na kunakili vyote vilivyomo, kabla ile ya zamani haijakata roho.

Nikasema kwa sauti, ukuta usikie: kumbe hata chuma hakipokei mgeni hovyo hovyo! Kikohozi nyuma ya mlango.

Tena inahitaji adapta ya kuunganishia, lazima aagize. Wiki nzima! Nilisikitika kweli kweli. Nilificha meno.

Jumatano, 7 Mei

Jaji ameuliza, macho kwenye simu: huyo mtu wako anarudi lini? Mtu wangu! Nikamwambia Jumamosi. Akasema afadhali, yeye atakuwa kazini. Jumamosi anatoka saa nane mchana. Chakula chake napika mimi, anamdanganya nani?

Jumamosi, 10 Mei

Kaja na adapta, laptop, na waya mrefu wa kuunganisha mashine na laptop, umelala katikati ya sebule. Vitu vikaanza kunakiliwa. Anasema saa saba atakuwa amemaliza.

Saa saba! Jaji anafika saa nane!

Nikashikwa na hamu ya usafi. Nikafagia sebule, ambayo nilishaifagia. Fagio likakutana na waya. Bahati mbaya iliyoje. Mkwe akashika kichwa — ianze upya. Nikampa pole mpaka nikajionea haya kidogo.

Jaji akafika, akamkuta kakaa sakafuni, akairuka miguu yake kama anaruka dimbwi.

"Bado?"

"Bado."

Mazungumzo! Ya kwanza tangu mwezi wa pili. Neno moja, na mwenzake akalirudia.

Lakini nimekiona cha moto. Mara ya pili diski ilisaga meno, ikagoma katikati. Mkwe akaiwekea sikio kama daktari. Mama, ina pumzi kidogo tu. Ikifa kabla sijapata siri, hili litakuwa kopo kweli. Akaiacha ipumzike hadi wiki ijayo.

Na mlangoni, akifunga viatu, ndipo akalitoa: uhamisho umekubaliwa. Anatakiwa atoe jibu Jumatatu ya tarehe kumi na tisa. Nikauliza, mwenzio anajua? Akazitazama kamba za viatu. Huyu ndiye aliyekaa na mimi meza ya jikoni akanifundisha herufi, mimi nisiyejua darasa linanukaje! Herufi zote anazo, sentensi moja kwa mkewe hana. Nikamwambia: mwanangu, nakupenda, na wewe ni mjinga. Akasema, "Ndiyo, Mama."

Nimemwambia na hili: mimi sibebi ujumbe. Ataubeba mwenyewe.

Jumapili, 11 Mei

Mimi na fagio langu. Nikiiua hiyo diski nimeua na sababu ya yeye kuja. Bibi mwenye akili zake, ati.

Alhamisi, 15 Mei

Jaji, anaosha kikombe: ikishindikana kabisa, je? Nikasema ikishindikana, hatakuwa na la kufuata huku. Akakiosha tena kikombe kile kile. Nilikuwa na neno mdomoni kubwa kama yai. Nimelimeza.

Nimetoa fagio nje.

Jumapili, 18 Mei

Naandika haraka, wako jikoni.

Alifika asubuhi. Jaji leo hana zamu. Wala hakujifungia! Alikaa mbali, anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Mimi nimekalia mikono yangu. Mkwe akaanza na ile siri — ameipata! Kisha vingine vyote. Diski ya zamani ilipiga ukelele, ikamaliza, ikanyamaza. Haikuwaka tena. Akachomeka mpya kwenye adapta, akafunga skrubu, akawasha.

Kimya. Hakuna koromo! Gari langu jekundu hili hapa, na magari yote niliyoyapata kwa jasho. Nikapiga vigelegele.

Halafu nikaona anarudisha bisibisi kwenye mkoba. Moja moja. Kazi imekwisha, kesho Jumatatu, na baba mzima anafunga zipu! Nilikuwa nainuka nimpige kofi la upendo, Jaji akasimama mlango wa jikoni.

"Friji inalia."

"Friji?"

"Inalia. Kwa vile uko na vifaa."

Friji yetu! Haijawahi kulalamika tangu inunuliwe. Mkwe akatega sikio, sikio lile lile linalosikia diski ikikata roho. Hakuna kitu. Naapa hakuna kitu. Akamtazama mkewe.

"Naisikia," akasema. Akachukua mkoba.

Sasa yuko nyuma ya friji, na mwenzake anammulikia tochi, adhuhuri hii, dirisha wazi. Nimezima sauti ya gemu. Bisibisi inagonga bati bila maana yoyote.

Imeacha.

Anasema: kuna jambo la kazini, nilipaswa kukuambia wewe kwanza.

Nimeshika pedi ya gemu, gari langu linagonga ukuta, ligonge tu.

Jaji anasema: "Ngoja. Nikae kwanza."

Kiti kimeburutwa.

Na cha pili —