Risasi Zako Nilizozikataa, Taata

Taata,

Shikamoo. Ni mimi, binti yako Koku. Tumeshinda! Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza: "Koku, acha kuzunguka, matokeo kwanza."

Katika mashindano ya shabaha, walinzi wetu wamewashinda wale wa mgodi wa pili, mle mle ndani ya ghala la bati, mvua ikilipiga paa hadi mwamuzi akawa anapayuka. Sajini Rwegasira ndiye aliyetupigia shabaha. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena.

Lakini hujui tulikopita. Tangu tukuzike pale migombani, Meneja wa mgodi wetu alikuwa anaitolea macho meza yako ya kujazia risasi. Akasema tukishindwa safari hii meza inafungwa, zitanunuliwa risasi za dukani, nami nirudi nyumbani kupalilia kahawa. Mimi! Niliyejaza baruti kwenye maganda ya risasi pamoja nawe tangu sijajua kusuka nywele zangu mwenyewe.

Basi Sajini akaja na boksi lako la mwisho la risasi, lile ulilojaza ukiwa na homa. Walinzi wote wakataka tupige hizo hizo, za marehemu, eti zina baraka. Hata Mama alitaka. Nami nilitaka, haki ya Mungu. Bado zina harufu ya ile nta ya nyuki wa Igurwa uliyokuwa ukipaka vichwa vya risasi. Halafu nikakusikia: "Usiniulize mimi, iulize karatasi."

Nikaiuliza karatasi ya shabaha. Sajini akaegemeza mkono juu ya gunia la mchanga, akapiga zako, kisha zangu, bastola ile ile, umbali ule ule. Zako zilitawanyika kama kuku walioona mwewe. Zangu zilikaa pamoja, ungezifunika kwa kiganja cha mtoto mchanga. Nikafungua zako chache, nikapima baruti. Hii imezidi, hii imepungua. Mikono yako ilikuwa inatetemeka, Taata, na hukutuambia. Hapo nililia kuliko siku ya mazishi.

Nikasema tunapiga zangu. Weee, nilisemwa! "Mtoto gani anakataa kazi ya babake?" Sajini peke yake alilichukua boksi langu, akasema, "Karatasi tumeiona." Kama ningekosea, nisingekuwa na uso wa kupita Nkwenda siku ya soko.

Sikukosea! Siku ya mashindano zote ziliingia kwenye duara jeusi, na ile ya mwisho ikalitanua tundu la mwenzake. Jamaa wa mgodi wa pili wakabaki kukodoa macho. Mama, aliyenisema kuliko wote, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka. Meneja akanipa mkono, akasema meza ibaki na mimi nibaki nayo.

Pumzika sasa, Taata. Homa imekwisha, na kazi ina mtu.

Zilizobaki kwenye boksi lako sitazipiga, wala sitaziweka kabatini zipate vumbi. Nitazifungua moja moja, vichwa vyake nitaviyeyusha katika sufuria yetu, nitavimimina upya, na baruti nitaipima mwenyewe. Nakuahidi: mashindano yajayo, wewe ndiye utakayepiga katikati.

Binti yako,
Koku