Kaka, Uliikata Kanuni ya Utu kwa Kalamu

Mpendwa kaka Gervas,

Simu hupokei, na wifi nikimpigia ananiambia umelala. Saa nne asubuhi umelala, saa kumi jioni umelala. Tangu wakukate mguu kwa sababu ya sukari umejifungia chumbani huko Dodoma mwaka mzima, hutaki mtu akuone. Basi leo nakuandikia hadharani, ili hata jirani yako akiisoma barua hii aje akusomee dirishani. Nimechoka kukubembeleza kimyakimya.

Nataka nikukumbushe ule mchezo wetu. Miaka ile ya tisini baba alikuwa dereva wa shirika lililohudumia wakimbizi, na mzungu mmoja alipofungasha virago alimwachia sanduku la vitu. Chini kabisa kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Ulikaa nacho likizo nzima, wewe na kamusi yako ya shule, kisha ukatutangazia kuwa ni mchezo wa kusimulia: mmoja anaongoza hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, katika mji wa miaka ijayo ambako makampuni yanatawala kila kitu na watu wanajiwekea mikono ya chuma. Sisi wa kijijini Kitahana, mkoani Kigoma, ambao kompyuta tuliiona mara moja tu kupitia dirisha la ofisi ya baba!

Lakini uliuongoza, kaka, mpaka raha. Mji wako ulikuwa soko la Kasulu lililoota maghorofa, na majambazi wako wote waliongea kama wabadilisha fedha wa mpakani Manyovu. Kete za pande kumi tungezitoa wapi? Tukaandika namba kwenye vizibo kumi vya soda tukavitia koponi. Nilibishana nawe Jumapili nzima: kizibo kikishatoka, kinarudishwa kabla mwingine hajavuta?

"Rudisha, tikisa, mpe mwenzio," ulisema, "na uache kelele."

Mtu akiuliza kama anaweza kuruka ukuta, hukumwambia hapana. Ulimuuliza, "Unaurukaje?" Siku hizi nikiwaongoza wanangu nafanya vivyo hivyo, na wananisumbua kama nilivyokusumbua.

Kilichotushinda ni kupigana. Kitabu kilitaka risasi zianze adui akionekana tu, na kwetu hakuna aliyeweza. Wahusika walikutana uchochoroni na bunduki zao wakaanza kupiga makofi ya salamu kama tulivyolelewa, habari za nyumbani, za mashamba, za mama mgonjwa. Mwenye mikono ya chuma akisalimia, wewe ulimgongea masufuria yawe ndiyo makofi yake. Nusu saa inapita hajafa mtu.

Kisha akaja Desideri, yule fundi cherehani kutoka kambini, mkimbizi wa Burundi aliyepoteza mguu kwa bomu la ardhini na kupewa wa bandia. Aliketi barazani kwetu Jumapili baada ya ibada, akapenda mchezo kuliko sisi wote. Nami ndiye niliyeshika karatasi za alama. Kitabu kilisema kila kiungo cha chuma kinampunguzia mtu alama za utu, zikiisha anageuka mnyama. Nikajifanya mjuaji, nikasema mbele ya watu, "Kaka Desideri aanze na alama pungufu, yeye mguu wa bandia anao tayari." Watu wakacheka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi, na mpaka leo naona aibu.

Desideri hakucheka. Aliikunja karatasi yake mara nne. "Sasa ubuntu bwanje, huu utu wangu, munaupima kwa muguu?" Akainuka, akaenda zake.

Jumapili mbili hakutokea. Hukunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Ulinishika mkono tukaenda hadi kambini, kitabu kwapani. Nikamwomba radhi nikilia. Kisha wewe, ambaye hukuturuhusu hata kukunja ukurasa, ulitoa kalamu ukaikata ile aya yote, ukaandika pembeni kwa Kiswahili: *Mguu si hoja. Atakayewapita watu bila kuwasalimu, huyo ndiye apunguziwe.*

Desideri alisoma polepole. "Na nikimusalimia muntu vizuri, kisha nimupige risasi?"

"Hapo sina kanuni," ulisema. "Njoo Jumapili tuitafute."

Akaja. Alikuja miaka yote mpaka ulipoondoka kijijini kwenda kuanza kazi.

Sasa nikuulize, mwongoza mchezo. Mtu aliyekatwa mguu, anayeitwa na dada yake haitiki, anayesalimiwa na wanawe mlangoni akageukia ukutani, tumhesabie vipi? Mguu hukuuhesabu wewe mwenyewe. Ninachokuhesabia ni huo ukimya, na nakuhesabia kwa sababu nakupenda na nimekukosa sana. Wifi anasema ule mguu waliokupa hospitali uko chini ya kitanda na bado una nailoni yake. Kaka, unaniumiza.

Desideri siku hizi ni raia, ana duka la cherehani Kasulu mjini na wajukuu wawili. Nilipomweleza habari zako alizima mashine katikati ya suruali ya mteja. "Tunakwenda lini?" akaniuliza. Nikamwambia ni mbali, bora tupige simu kwanza. Akasema simu nimekwishapiga za kutosha.

Kwa hiyo Alhamisi tunapanda basi. Tangu avuke mpaka hajawahi kufika mbali kuliko Kigoma mjini, na anajua kabisa kwamba akikaa kitako siku nzima kile kigutu kinavimba, mguu unakataa kuingia, na itabidi ashuke kwa magongo mbele za watu. Anakuja hivyo hivyo. Mimi unaweza kunifukuza, nimezoea. Yeye usimwache amesimama mlangoni.

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda.