Nishushie Tena

4 Machi

Kitindamimba wangu,

Hujambo? Na hiyo kompyuta yako, bado inapumua? Huku tu wazima, isipokuwa mafua yamenikamata koo. Naomba unishushie ule wimbo mpya wa ufunguzi wa hoteli, kutoka ufunguo wa sauti wa G uende F. Kule juu sifiki tena. Nikijaribu, sauti inatoka kama bawaba kavu ya mlango. Shemeji yako asijue kwamba mimi ndiye niliyeomba. Sema wenye hoteli wametaka hivyo. Unamjua Mapafu, karatasi ya tarumbeta yake ikiguswa tu, nyumba haikaliki.

Dada yako

6 Machi

Dada, shikamoo.

Mimi mzima, kompyuta inakohoa lakini inakwenda. Nimeshusha. Kushusha kwenyewe si kazi. Naushika wimbo mzima, nachagua F, programu inateremsha kila nota. Kazi ni kupitia mstari mmoja mmoja baadaye, maana tarumbeta huandikwa juu kidogo kuliko inavyosikika. Ukinakili mstari wako ukaubandika kwake bila kuangalia, shemeji atapuliza wimbo mwingine kabisa.

Kunywa maji ya moto. Ila hebu nikuulize, mafua gani haya yasiyoisha tangu Januari?

Mdogo wako

13 Machi

Mdogo wangu, salama?

Nishushie tena. F nayo imenishinda, weka E.

Umepiga simu mara kibao na sikupokea kwa sababu naandika vizuri kuliko ninavyoongea sasa. Haya basi. Si mafua. Shemeji yako alinikaba. Mikono miwili, ukutani jikoni, kwa kuwa nilimwambia mbele ya mpiga ngoma wetu kwamba amechelewa kuingia kwenye wimbo. Juzi akarudia. Mate tu yalikuwa hayamezeki. Nafunga skafu shingoni, na watu wananisifu eti nimependeza!

Usije. Ukija, atakayepigwa ni mimi.

Dada yako

15 Machi

Dada,

Sikuulizi hali, hali nimeisikia. Nimepiga ukuta ngumi mpaka mkono umevimba, naandika kwa kidole kimoja. Toka humo! Shangazi ana chumba, na yule mama hamwogopi mwanamume yeyote aliyezaliwa na mwanamke.

E hiyo nimekutumia. Kwa tarumbeta ni adhabu, ina alama sita za kupandisha. Na ateseke.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Niko mzima kiasi. Mapafu aliiona hiyo E yako, akasema nimemfanyia makusudi ili bendi imcheke. Alichana karatasi akanisokomezea mdomoni, kipande kwa kipande, huku magoti yake yako kifuani kwangu. Wino una uchungu, nimejua sasa.

Nitaimba kwenye onyesho hili la hoteli, halafu nitaenda kwa shangazi. Nimeapa. Weka D, maana E nayo siifikii. Tuma siku yenyewe, jioni, asipate muda wa kuikagua. Akiwa jukwaani atapuliza tu, anaogopa kuaibika kuliko anavyomwogopa Mungu.

Dada yako

31 Machi

Dada, shikamoo.

Mbona kimya? Mpiga ngoma amenieleza ya jana kwenye onyesho. Kosa ni langu. Niliishusha mistari yote D, wa kwake nikaurudisha G ya mwanzo. Kwa kusudi. Nilitaka wageni wamcheke, na walimcheka, hata mwenye hoteli aliziba masikio. Sikufikiria hasira ile itamshukia nani. Naambiwa alikuburuta kwa skafu hadi nyuma ya jukwaa, na mlango ukafungwa kwa ndani.

Hasira hasara, na hasara nimekutwika wewe. Nisamehe. Pokea simu.

Mdogo wako

4 Aprili

Dada, uko hai? Niandikie hata nukta.

Mdogo wako

9 Aprili

Kitindamimba,

Hujambo? Shangazi anakusalimu, anasema wewe ni mpumbavu. Niko kwake.

Niko hai. Aliikaza ile skafu mpaka nikaona giza. Mkono wangu ukawa unapapasa sakafuni, ukakuta tarumbeta yake. Nilimpiga nayo mdomoni. Akaniachia. Ningeweza kukimbia wakati huo, sikukimbia. Nilimpiga tena, na tena, mpaka mpiga ngoma alipouvunja mlango. Meno ya mbele hana, na mdomo wa juu umeshonwa. Daktari anasema hatapuliza tena. Sioni huruma, naitafuta siioni.

Polisi waliniweka ndani. Daktari akawaonyesha alama za vidole shingoni, za zamani na mpya, wakaniachia. Kesi itakuja. Ije.

Ulichofanya kingeniua. Nikikuona nitakuzaba kofi. Hapana, nimechoka na makofi, nitakufinya sikio kama zamani, halafu tule.

Sasa kazi. Wenzangu wanataka tupige Jumamosi. Futa mstari wa tarumbeta. Usiuache mtupu, uondoe kabisa, karatasi ianze na mimi. Na wimbo usiurudishe G. Nimeujaribu asubuhi hii, shangazi akiosha vyombo. D naifikia.

Dada yako