Mbwa Wako wa Mwisho Alienda Wapi

Munyaka, Eldoret
Jumapili, baada ya kanisa

Kwa Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umeketi, maana barua hii ni ndefu na si yote itakufurahisha. Goti linaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Na vile viazi vya shamba la chini, viliponea ile baridi? Mimi ni mzima. Hapa kumenyesha wiki nzima, nguo hazikauki, na hata sweta niliyovaa nikiandika inanuka mbwa, lakini mwili hauna shida.

Nilipata ujumbe wako aliouandika Kamau. Kwamba kondoo wawili wameibwa, na kwa kuwa mimi nimezungukwa na mbwa wa bure, nikutumie mmoja, "dume, mkali, asiye na mchezo." Ningekujibu kwa simu, ila wewe kwenye simu huongea kama unaita mtu ng'ambo ya bonde, halafu unakata kabla mwenzio hajamaliza. Leo utanisikiliza mpaka mwisho.

Kwanza nikueleze kazi hii, kwa sababu nasikia unawaambia watu kwamba binti yako ni daktari wa wanyama. Mwenye boma ninapofanya kazi ni Mwalimu Chebet, mama aliyestaafu ualimu, na watu humletea mbwa wasiowataka. Mimi hupika sufuria kubwa ya ugali na matumbo, hutoa kupe, huosha vidonda, kisha tunawatafutia wenyewe wapya. Kuna mbwa nimemtoa funza shingoni mahali waya ulikuwa umezama ndani ya nyama. Majirani huniuliza kama sioni kinyaa. Kinyaa ninacho, Baba, tena kingi, ila si cha mbwa.

Jumatatu iliyopita nilifungua geti asubuhi nikakuta gunia la mbolea limefungwa kwa kamba ya bluu. Ndani mlikuwa na vitoto sita vya mbwa, vyote vya kike. Viwili vilikuwa vimekufa, vimelaliwa na wenzao. Hata kabla sijamaliza kuwapanguza wale wanne, akaja mwenye duka la pale kona. Mtu wa kwetu kabisa, wa huko huko Nyandarua, tena kwaya yetu ni moja. Dukani kwake kila kitu hufungwa kwa kamba hiyo hiyo ya bluu.

"Mwalimu, nilikuwa naomba kapuppy kamoja," akasema. "Lakini iwe dume. Majike ni shida tupu, madume zote za estate zinakuja kulala kwa geti yako. Mimi nilikuwa nazo nyingi juzi."

"Na hao walienda wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Walipotea."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu. Mbwa ya siku hizi haina shukrani."

Mwalimu aliingia ndani, akarudi na wale wawili waliokufa wamefungwa kwa gazeti, akamwekea mikononi. "Hawa wawili wako tumewapata," akasema. Unajua yule mtu alifanya nini? Hakuona haya hata kidogo. Aliuliza awatupe wapi. Nilienda nyuma ya nyumba nikatema mate, na mpaka leo sijanunua kitu kwake, hata chumvi.

Lazima ujue kwamba hapa mbwa hatolewi ovyo. Kila anayekuja kuchukua hujazishwa karatasi, na Mwalimu hajali kama una nyumba ya mawe au ya mabati. Swali lake kubwa ni moja: mbwa wako wa mwisho alienda wapi? Majibu nimeyasikia mpaka nimechoka. Alipotea. Aliibiwa. Aliwekewa sumu na jirani. Kuna boma moja hapa karibu ambalo limeibiwa mbwa mara tano, na hata kuku mmoja hajaguswa.

Mara moja tu Mwalimu alilegeza msimamo. Alikuja mzee kutoka Ainabkoi, mkulima wa ngano, mzee wa kanisa mwenye sauti ya upole. Kuhusu mbwa wake wa mwisho alisema alikufa kwa uzee, na akavua kofia akisema hivyo. Mwalimu akampa Njugu. Huyu Njugu ni jike, rangi yake ni kama njugu karanga, na hajawahi kumuuma mtu. Mzee alisema jike si neno kwake.

Baada ya wiki mbili tulienda kumtembelea bila kumwambia, kama tunavyofanya kwa kila mtu. Alitupokea vizuri sana. Chai ikaletwa, akaiombea, maombi marefu, na muda wote huo mimi nilikuwa nasikia kitu kinalia chini ya ghala la mahindi. "Amina" ilipotoka tu nikainuka. Njugu alikuwa ndani ya sanduku la mbao ambamo hawezi hata kugeuka, kinyesi chake mwenyewe kimemganda miguuni. Mdomo ulikuwa umevimba na ngozi ya ulimi imetoka.

"Ni pilipili kidogo tu na manyigu," mzee akasema, kama mtu anayeeleza dawa ya mafua. "Hata wazee wetu walikuwa wanafanya hivyo. Mbwa akikula manyigu anakuwa mkali."

"Na amekuwa mkali?" Mwalimu akauliza.

"Bado. Huyu ni bure kabisa. Akiniona anajikojolea."

Mkewe alikuwa amesimama na birika mkononi. "Hata wale wawili wa kwanza ulisema hivyo," akamwambia mumewe. "Yule wa mwisho hakumaliza hata mwezi. Si mlimtupa kwa mtaro." Mzee akaanza kukohoa. Tulimbeba Njugu tukaondoka, chai tukaiacha mezani. Tulipokaribia mjini Mwalimu akasema, "Ni mimi nilimpatia." Na akarudia tena hivyo hivyo.

Nilitaka kumchukia yule mzee na yule wa duka na kuishia hapo, Baba. Ingekuwa rahisi. Lakini tangu ujumbe wako ufike, sina raha, kwa sababu namkumbuka Kanini, yule mbwa wetu.

Nilikuwa darasa la nne. Kanini alikuwa akinisindikiza mpaka mtoni kila asubuhi, na saa za kutoka shule namkuta pale pale. Alipozaa mara ya tatu ulisema majike yamejaa nyumbani. Najua mwaka ule chakula kilikuwa haba, hata sisi tulikuwa tunagawana kidogo kilichokuwepo. Ulishika gunia la viazi, ukaweka watoto wake watano, lakini yeye alikukimbia akajificha nyuma ya choo. Ukaniambia nimwite, kwa sababu kwako hangekuja. Nilishika mdomo wa gunia, nikamwita kwa jina, akaingia mwenyewe. Ukafunga. Nikalipeleka kwa mkokoteni wa punda mpaka barabara ya msitu, nikalishusha, na kupitia shimo la gunia akawa ananinusa kidole. Fundo lilikuwa la kawaida tu, ningeweza kulifungua. Sikulifungua. Jioni Mama alipouliza, ulisema amepotea, nami nikaitikia.

Miaka yote hii hatujawahi kulitaja. Ninapowaangalia watu wakisema "alipotea" mbele ya Mwalimu, huwa nawajua kabla hawajamaliza neno, na sababu yake unaijua. Ninawachukia, halafu najichukia, halafu naenda kupika ugali wa mbwa.

Sasa sikiliza. Watu wa estate wamempa Mwalimu mpaka mwisho wa mwezi apunguze mbwa. Madume watapata kwao haraka. Njugu hana anayemtaka, jike tena mwenye kovu mdomoni, na akikosa mahali atapelekwa kuchomwa sindano ya kufa. Kuuma hajui, lakini ana sauti, na mgeni hawezi kugusa geti hapa bila yeye kutuambia. Angelala na kondoo wako na ungejua kila hatua inayopita. Daktari ameshamfunga uzazi, kwa hivyo hilo la watoto usilitaje. Nataka awe wako. Sijui kama naweza kukupa.

Nyuma ya ukurasa huu nimenakili karatasi ya Mwalimu. Jina na kijiji nimekujazia. Mstari wa mbwa wa mwisho nimeuacha wazi. Usimpe Kamau akuandikie, shika kalamu mwenyewe. Ukiandika kwamba alipotea, nitakuwa mtoto wako vile vile na tutaendelea kusalimiana kwa simu, lakini mbwa hatakuja. Ukiandika vile ilivyokuwa, nitamleta Njugu mimi mwenyewe kabla ya mwezi kuisha.

Nisalimie Mama, umwambie anywe ile dawa yote asiachie katikati. Msalimie Kamau mwandishi wako, na mke wake, na Shosho, bibi yangu, ambaye najua atauliza kama nimenenepa. Mwambie mzee Ndirangu, jirani yetu wa zizi, kwamba nimesikitika kuhusu kondoo, maana najua na wake walichukuliwa.

Ni mimi binti yako, niliyekutumikia nikiwa mdogo na ninayekupenda,
Nyambura

N.B. Nilipoajiriwa hapa Mwalimu aliniuliza swali hilo hilo, nikaandika, "Alipotea." Jana nilimwomba ile karatasi yangu, nikalikata neno hilo. Sasa imeandikwa, "Nilimwita, akaja."