Miaka Yote Nyekundu, Leo Damu ya Mzee

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijafunga mzigo wangu, maana nimechoka, na nikisema nimechoka sisemi kuchoka kwa mikono, huko nimeshazoea, mimi ni dobi na mume wangu ni mpiga rangi magari, uchovu wa mwili tunaujua wote wawili, nasema kuchoka kwa moyo.

Tangu tuoane, kila tarehe ya ndoa yetu ikirudi mume wangu huniletea kitambaa cha kichwa chekundu, nyekundu ile ya kuwaka, hata mwaka aliokosa kazi alileta, na cha kwanza alinipa akisema, "Mke wangu, nyekundu ni yako, nikikuona nayo hata kwa mbali nitajua yule ni wangu," basi nikaridhika, sikuomba dhahabu, sikuomba safari. Mwaka huu kaleta kifurushi kama kawaida, nafungua, nakuta damu ya mzee, ile rangi iliyoiva mpaka ikakaribia weusi, kama divai, rangi ya makochi ya ofisini na ya mashangazi wanaolea wajukuu. Nikamuuliza, "Baba, hii ndiyo nini?" Akakigeuza geuza chini ya taa, akanitazama kwa macho makavu, akasema, "Si nyekundu yako hiyo, mama?" Mshauri, mimi nafua nguo za watu, nguo nyekundu zinanichujia kwenye mashuka kila siku, leo nidanganywe nyekundu ni ipi? Nikakitupa juu ya kabati, na tangu hapo maneno yetu ni chakula kipo mezani, basi.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, aliposikia akacheka, akasema, "Wifi, nyekundu haijaisha madukani, imekwenda kwa mwingine, wewe umepewa ya kustaafu." Akanitajia na huyo mwingine, mama muuza rangi mwenye duka jirani na gereji, nami nikaenda kuchungulia, nikawaona wameinamia kopo moja, vichwa vimekaribiana, yeye anakoroga, mume wangu anamuuliza jambo kwa sauti ya chini, na blauzi ya yule mama, mshauri, nyekundu.

Sasa mambo nayaunganisha. Nyumbani ni kununa tu, eti nyumba ina giza, kabadilisha balbu zote na bado analalamika. Baiskeli hapandi tena jua likianza kuzama, anaikokota, anachelewa, akiulizwa anasema miguu inataka mazoezi. Mteja kamrudishia gari jekundu, mlango aliopaka umetoka na rangi nzito kuliko gari lenyewe, wakagombana hadharani, nikasema huyu akili yake haiko kazini. Kilichonimaliza ni juzi, nimefunga makusudi kitambaa chekundu cha mwaka jana, tukapishana sokoni, akanipita kama anavyoipita nguzo ya umeme, hata salamu, mimi mke wake. Dada yangu nimeshamwambia anitayarishie chumba. Niondoke, au nangoja nini tena?

Dobi Aliyechoka

*

Dada Dobi,

Pole. Weka ndoo chini, vuta kiti, unisikilize bila kunikatiza, kwa sababu na mimi nimechoka, hasa na barua za rangi. Huyu mchumba kampa ua jeupe badala ya jekundu, yule mama mkwe kamkataza rangi nyekundu ya mdomo eti inaita wanaume. Nyekundu mmeibebesha mapenzi, hasira, hatari na taa ya kusimamisha magari, na damu ya mzee mkaipa kiinua mgongo. Mimi nina koti la damu ya mzee na sijastaafu kitu. Ni nyekundu ile ile iliyopunguza kelele. Hata angekuletea kwa kukusudia, lisingekuwa tusi.

Lakini hakukusudia. Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili hamu ya kukugombeza ikanipungua. Mwanamume analalamika giza kwenye nyumba yenye balbu mpya. Baiskeli haithubutu jioni. Kapaka mlango rangi isiyolingana na gari, yeye ambaye kulinganisha rangi ndiyo ugali wake. Kapishana na mkewe akiwa na kitambaa kile kile alichosema atamtambua nacho, asimtambue. Na ulipomuuliza hii nini, akakipeleka kwenye taa, akakuuliza kama si nyekundu. Dada yangu, lile lilikuwa swali kweli, alitaka umjibu. Mume wako haoni vizuri.

Yule mama wa duka nadhani ndiye anayemwambia ipi nyekundu na ipi siyo. Wewe kakuficha kwa sababu mpiga rangi akikiri macho yamepungua, nani atamwachia gari? Anaogopa, na nyumbani anakuta mke aliyenuna. Hapo nakulaumu. Doa dogo la chai kwenye shati la mtu usiyemjua unaliona, la nyumbani kwako ukamwachia wifi akuonyeshe! Huyo wifi mshukuru kwa habari zake, kisha mfungulie mlango aende kwake.

Mimi si daktari, sijui kama ni mtoto wa jicho au ni kitu gani, na huenda nimekosea kabisa. Kwa hiyo fanya hivi. Asubuhi, mwanga ukiwa mzuri, toka naye nje, mpe cha mwaka jana na cha mwaka huu, umuulize taratibu kipi ni kipi. Usimtege, usimcheke. Akishindwa, usimlilie pale. Mwambie, "Baba, twende tukaonyeshe hayo macho," na muende wiki hii hii, na uingie naye mpaka ndani kwa daktari, maana wanaume wakiingia peke yao hutoka wakisema hawana kitu. Yapo magonjwa ya macho yanayotibika yakiwahiwa, na yapo ambayo kila siku inayopita inachukua kitu kisichorudi. Mpaka hapo baiskeli ibaki ndani. Akivitambua vyote viwili bila kusita, niandikie, nitakuomba radhi hapa hapa gazetini.

Dada yako mwambie chumba hukihitaji. Na kile kitambaa kishushe juu ya kabati. Mtu huyu aliingia dukani macho hayamsaidii, akaona haya kuuliza, akapapasa, akachagua, na alichokuwa anakitafuta ni nyekundu yako. Siku ya kliniki kifunge kichwani. Utembee karibu yake, umshike mkono, maana kwa mbali hakuoni tena.