Kamba Waliomtafuta Shangazi

Shangazi Mwanahawa,

Bado sijaamini. Asubuhi ile ulinitumia ujumbe wa sauti, unacheka mpaka maneno hayasikiki. Kabla ya adhuhuri nikapigiwa simu kwamba umeanguka kibandani na hukuamka tena. Mtu anayecheka vile anakufaje?

Kibanda chako cha kamba wa baharini hapa Kibiti ninacho mimi, mtoto wa kaka yako, mzoefu wa kuandika mihtasari ya vikao vya kijiji. Kundi lako la wateja la WhatsApp nalo ninalo, na hapo ndipo niliposhindwa. Wewe ulikuwa unaandika hata chai haijachemka: "Kamba wa Kiongoroni wamefika. Wamejikunja kwa aibu, hawajazoea kutazamwa na watu wa barabarani." Nikikuuliza maneno hayo unayatoa wapi, ulikuwa unanijibu, "Nacheza tu, baba. Wewe mbona huchezi?"

Basi mimi nikaandika: "Tunapenda kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba mzigo umewasili." Shangazi, wateja wakajibu inna lillahi! Walidhani tumefiwa tena. Mmoja akauliza mazishi ni saa ngapi. Hakununua mtu, kamba wakaoza, na wavuvi wakaniambia hali ikiendelea hivi mzigo watampa mwingine. Niliona kibanda chako kinanifia mikononi.

Kisha ikafika arobaini yako. Mtani wetu Bi Tabu akatokea amevaa baibui lako na miwani yako, akakaa kwenye kigoda chako, akashika simu, akasema: "Wateja wangu, nimehamia mtaa usio na mtandao. Kamba bado wapo. Anauza huyu mtoto wa kaka yangu, uso umekunjamana kama barua ya serikali, lakini msimwogope, haumi!"

Sauti ilikuwa yako kabisa. Nilitaka kukasirika, badala yake nikaangua kicheko mbele ya masheikh, mimi ambaye sikuwa nimecheka tangu ufe. Kilipokatika nilikuwa nalia.

Kesho yake mzigo ulipofika sikuanza na "tunapenda". Niliwatazama wale kamba kwenye beseni, nikajiuliza wewe ungewachezeaje. Nikaandika: "Kamba wa leo wamekuja wanamuulizia Shangazi. Nimeshindwa kuwaambia. Njooni mnisaidie."

Nilipobonyeza kutuma niliogopa. Nimekosa adabu? Baadaye akaja mama mmoja kutoka Umwe, simjui. Hata hakunisalimia. Aliinama juu ya beseni, akawaambia kamba taratibu, "Poleni wanangu. Bibi yenu ametangulia." Kisha akageuka, akaniambia, "Nipimie kilo mbili." Nyuma yake watu walikuwa wanashuka kwenye bodaboda, mmoja mmoja, kila mmoja na pole yake kwa kamba.

Nikashika mizani, Shangazi, nikaanza kupima.

Mungu akulaze pema. Kibanda hakifungwi. Kesho mzigo mwingine unakuja na sijui nitaandika nini, ila nakuahidi nitacheza, hata machozi yakinitoka.

Mwanao,
Shabani